Yorimitsu au Yoshitsune: Uanze na Yupi Ukitaka Kuwajua Samurai wa Kale?

Anayetaka kuwajua samurai wa kale, wale walioishi karne nyingi kabla ya bunduki ya kwanza kufika Japani mwaka 1543, hukutana mapema na majina mawili ya ukoo mmoja. La kwanza ni Minamoto no Yorimitsu, aliyezaliwa mwaka 948 na kufariki mwaka 1021, ambaye wasimuliaji humwita pia Raiko. La pili ni Minamoto no Yoshitsune, aliyezaliwa mwaka 1159 na kufa mwaka 1189 akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Vijana walioipenda Japani kupitia katuni na michezo ya kompyuta huniuliza waanze na yupi kati ya hawa wawili, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwajibu upesi kwamba waanze na Yoshitsune, kwa kuwa ndiye mashuhuri zaidi. Siku hizi huwauliza kwanza kama wanamtafuta mtu au wanaitafuta hadithi, kwa maana tofauti kubwa ya mashujaa hawa imo katika namna maisha yao yalivyoungana na ngano zilizosimuliwa juu yao, na asiyelijua hilo anaweza kuhangaika na kitabu kisichompa kile alichokifuata.

Liwali aliyegeuzwa muuaji wa mazimwi

Yorimitsu anayeonekana katika kumbukumbu za zama zake alikuwa mtu wa mji mkuu, yaani Kyoto ya leo. Baba yake, Mitsunaka, alijiwekea makao huko Tada katika jimbo la Settsu, naye mwana akapanda cheo kwa kuwatumikia wakuu wa ukoo wa Fujiwara, ambao ndio walioshika hatamu za nchi huku Kaizari akibaki na enzi. Alipewa uliwali wa majimbo kadhaa, likiwemo Mino, akatajirika, na utajiri wake ndio uliowashangaza watu. Mwaka 988 alitoa zawadi ya farasi 30 katika karamu ya Fujiwara no Kaneie, na mwaka 1018, Fujiwara no Michinaga alipomaliza kulijenga upya kasri lake la Tsuchimikado, Yorimitsu ndiye aliyeleta vyombo na mapambo yote ya nyumba ile. Alitunga mashairi pia, na baadhi yake yaliingizwa katika diwani zilizokusanywa kwa amri ya Kaizari. Kuhusu vita alivyopigana, kumbukumbu hizo karibu hazina neno.

Hadithi ya zamani kiasi inayomhusu, iliyoandikwa karne ya 12, inamwonyesha akiwa mpiga upinde mwenye haya. Mwana wa mfalme anamwona mbweha amelala juu ya paa la kasri na kumtaka Yorimitsu ampige. Yorimitsu anasitasita, kisha anampiga, na anapopongezwa anasema kwamba si yeye aliyelenga vizuri, bali mlinzi wa wahenga wake aliuongoza mshale. Naipenda sana hadithi hii kwa sababu bado ina ukubwa wa binadamu. Mshale ni mmoja, mbweha ni mmoja, na aliyepiga ana hofu ya kuaibika mbele ya bwana wake.

Hadithi ya zimwi la mlima Oe, ambalo Yorimitsu anasimuliwa kwenda kuliua, ilikuja baadaye. Picha za kusimulia za zamani kabisa tulizonazo za safari hiyo, zilizochorwa katika gombo refu la karatasi, ni za karne ya 14, yaani miaka 300 hivi baada ya kifo cha Yorimitsu. Mabinti wa mji mkuu wanatoweka mmoja baada ya mwingine, na inajulikana kwamba anayewachukua ni Shuten-doji, mfalme wa mazimwi, ambaye jina lake linamtaja kuwa mlevi. Yorimitsu anatumwa pamoja na Fujiwara no Hosho na wafuasi wake wanne, nao wanavaa kama watawa wanaozunguka milimani kuhiji, silaha wakizificha katika masanduku ya mgongoni. Njiani miungu inawatokea kwa sura ya wazee na kuwapa pombe ambayo kwa watu ni dawa na kwa mazimwi ni sumu. Mbele kidogo wanamkuta mwanamke akifua mtoni nguo zenye damu, naye anawaelekeza njia. Kwenye karamu ya mazimwi wanaandaliwa nyama ya binadamu, na Yorimitsu anaila bila kukunja uso ili asishukiwe. Usiku, mwenyeji akiwa amelewa chakari, wanamkata kichwa, na kichwa kile kinaruka hewani na kuing'ata kofia ya chuma ya Yorimitsu.

Kabla ya kufa, zimwi linalalamika. Linasema kwamba wageni wale walijiita watawa wasiosema uongo, na kwamba mazimwi wenyewe hawana hila ya namna ile. Hapo ndipo hadithi inapokuwa na uzito kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu mwandishi wa kale ameyaacha maneno hayo masikioni mwa msomaji bila kuyajibu. Anayemsomea mtoto hadithi hii ajiandae, maana mtoto mwerevu atauliza kama Yorimitsu alifanya haki. Wapo wataalamu wanaolitazama zimwi hili kama sura ya maradhi ya kuambukiza, hasa ndui, ambayo watu wa Kyoto waliamini kuwa huingia mjini kwa njia zitokazo magharibi, na ni kweli kwamba katika miaka ya 994 na 995, Yorimitsu akiwa mtu mzima mjini humo, tauni kubwa iliua watu wengi.

Hadithi ya buibui ni fupi zaidi. Yorimitsu yuko kitandani na homa, mtawa mrefu mno anamkaribia usiku akitaka kumfunga kwa kamba, naye anachomoa upanga uliokuwa karibu na mto wake na kumpiga. Wafuasi wanaifuata michirizi ya damu hadi kwenye kilima nyuma ya hekalu la Kitano, na huko wanamkuta buibui mkubwa wa mlimani. Upanga ule, uliokuwa ukiitwa Hizamaru, ukabadilishwa jina na kuitwa Kumokiri, yaani mkata buibui. Jina hilo tulikumbuke, kwa maana upanga huo utarudi.

Jemadari ambaye miaka mitano yake inajulikana

Kwa Yoshitsune mambo yamepinduka. Katikati ya maisha yake, tangu mwishoni mwa mwaka 1180 hadi mwaka 1185, kuna ushahidi mwingi: shajara za wakuu wa Kyoto walioandika habari siku zilipotokea, na Azuma Kagami, kumbukumbu za serikali ya Kamakura, ile iliyoasisiwa na kaka yake Yoritomo, zilizotungwa takriban karne moja baadaye. Kisha kuna masimulizi marefu ya Heike, yaani ukoo wa Taira uliopigana na Minamoto, ambayo watawa vipofu waliyaimba kwa biwa, ala ya nyuzi inayofanana kwa umbo na gambusi yetu.

Baba yake, Yoshitomo, aliuawa mwaka 1160 baada ya kushindwa na ukoo wa Taira, mtoto akiwa bado anabebwa. Alikulia katika hekalu la Kurama, kaskazini mwa Kyoto, akatorokea Hiraizumi kwa Fujiwara no Hidehira, mtawala tajiri wa kaskazini, na kaka yake Yoritomo alipoinua bendera ya ukoo mwaka 1180 akamfuata. Mwanzoni mwa mwaka 1184 alimshinda binamu yao, Yoshinaka, na muda mfupi baadaye akaivunja ngome ya Taira huko Ichi-no-Tani. Mwaka 1185 alivuka bahari katika dhoruba kwa merikebu tano na wapanda farasi 150 na kuwashambulia Taira huko Yashima kutoka nyuma, kisha tarehe 25 Aprili mwaka huohuo akawamaliza katika mlangobahari wa Dan-no-ura, ambako Kaizari Antoku, mtoto wa miaka 6, alizama mikononi mwa bibi yake.

Ichi-no-Tani ndiyo sifa yake kuu. Inasemwa kwamba alishuka genge la mlimani la Hiyodorigoe na wapanda farasi 70 na kuiangukia kambi ya Taira mahali ambapo hapakuwekwa mlinzi. Masimulizi ya Heike yanaongeza kwamba kwanza alimuuliza mwindaji wa pale kama paa wa msituni hupita hapo, na alipoambiwa kwamba hupita, akasema palipo na njia ya paa farasi hawezi kushindwa. Akaamuru farasi wachache wenye matandiko watangulizwe peke yao, baadhi wakavunjika miguu, baadhi wakafika salama, naye akashuka. Lakini shajara ya Kujo Kanezane, mkuu wa Kyoto aliyepokea habari mapema, inamtaja mwingine kuwa wa kwanza kuvunja upande wa mlimani: Tada Yukitsuna, na huyu Yukitsuna alikuwa wa uzao wa Yorimitsu wa Tada. Huenda basi sehemu ya sifa ya Yoshitsune ilichukuliwa kutoka kwa mjukuu wa mbali wa yule shujaa mwingine. Jambo la aina hii huwezi kulipata kwa Yorimitsu, kwa sababu upande wake hakuna shajara ya kupimia habari za mazimwi.

Nikitakiwa kuchagua kipande kimoja cha Yoshitsune nimsomee mtu, sichagui genge, nachagua upinde. Huko Yashima, akipigana juu ya farasi ndani ya maji, upinde wake uliponyoka na kuanza kuelea. Adui walikuwa wakimrushia kulabu ili wamvute chini, na wazee wa jeshi lake wakampigia kelele auache, lakini yeye aliinama na kuuvuta kwa kiboko chake mpaka akaushika. Walipomlaumu kwa kuhatarisha roho kwa ajili ya kipande cha mti, aliwaambia kwamba kama ungekuwa upinde wa ami yake Tametomo, ambao hutiwa uzi na watu wawili au watatu, angeuangusha makusudi ili adui wauone. Ila huu wake ulikuwa dhaifu, na hakutaka uokotwe na kuchekwa kwamba ndio upinde wa jemadari wa Minamoto. Masimulizi hayohayo yanamweleza, kwa kinywa cha adui, kuwa mtu mfupi, mweupe, mwenye meno yaliyochomoza. Karne chache baadaye wachoraji na waigizaji walimfanya kijana mzuri wa sura, na meno yale hayakuonekana tena.

Ngano ziliingia wapi

Gikeiki, kitabu cha maisha ya Yoshitsune kilichotungwa zama za Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16), kinapita haraka juu ya vita vyote alivyoshinda na kukaa muda mrefu katika utoto wake na katika kukimbia kwake baada ya kukosana na kaka yake. Ngano ziliingia pale ambapo kumbukumbu zilikuwa kimya. Huko Kurama inasemwa alifundishwa upanga usiku na tengu, majini ya milimani yenye mabawa, na mkuu wao Sojobo. Kyoto alikutana na Benkei, mtawa mwenye nguvu aliyekwisha kuwanyang'anya watu panga 999 na kubakiza moja kutimiza elfu, akamshinda na kumfanya mfuasi wa kufa na kuzikana. Daraja la Gojo ambalo kila mtoto wa Kijapani hulichora katika hadithi hii lilikuja baadaye. Katika Gikeiki wawili hawa wanapambana mahali pengine. Katika Azuma Kagami jina la Benkei linatajwa miongoni mwa wafuasi, na habari zake haziendi mbali zaidi ya hapo.

Kwa Yorimitsu ngano hazikuingia katika mianya, bali zilijenga nyumba nzima. Hilo si kosa. Aliyeziandika alihitaji jina kubwa la ukoo ambao wakati huo ulikuwa umetoa watawala wa nchi, akalipata jina la mhenga aliyeacha fahari nyingi na vita vichache.

Wafuasi nao wanatofautiana. Wanne wa Yorimitsu, yaani Watanabe no Tsuna, Sakata no Kintoki, Urabe no Suetake na Usui no Sadamitsu, wanaitwa kwa jina la wafalme wanne walinzi wa mbinguni katika dini ya Budha, na wawili kati yao wana hadithi zao wenyewe: Tsuna aliyekata mkono wa zimwi darajani, na Kintoki ambaye utotoni ndiye Kintaro, yule mtoto mwenye nguvu wa mlima Ashigara anayepigana mieleka na dubu, ambaye sanamu zake hupambwa majumbani tarehe 5 Mei. Yoshitsune ana Benkei, na Benkei mmoja anatosha. Kwenye kizuizi cha Ataka, bwana wake akiwa amejificha katika nguo za mpagazi, Benkei anasoma kwa sauti orodha ya michango ya hekalu kutoka gombo lisilo na orodha yoyote, na mlinzi anapomtilia shaka yule mpagazi, Benkei anampiga bwana wake kwa fimbo, kwa kuwa hakuna mfuasi ambaye angedhaniwa kuthubutu hivyo. Huko Koromogawa, katika pigano la mwisho la bwana wake, anakufa amesimama, mwili umejaa mishale, na adui hawamkaribii wakidhani yu hai. Msomaji wa Kiswahili atasimama hapo kidogo, kwa sababu amekwisha kumwona Fumo Liyongo amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wa mji wakikaa bila maji kwa kumwogopa maiti.

Katika habari za Yorimitsu wanawake wengi ni wa kuibwa na kuokolewa. Katika za Yoshitsune yumo Shizuka, mcheza ngoma wa Kyoto aliyeachana naye katika theluji ya Yoshino, akakamatwa, na mwaka 1186 akalazimishwa kucheza mbele ya Yoritomo katika hekalu la Tsurugaoka huko Kamakura. Aliimba wazi kwamba anamlilia yule aliyetoweka Yoshino. Yoritomo alighadhibika, na mkewe Masako ndiye aliyemtuliza. Mtoto wa kiume ambaye Shizuka alimzaa baadaye aliuawa kwa amri. Ningemshauri msomaji asiyevutiwa na vita aingie kwa Yoshitsune kupitia mlango huu.

Taira no Masakado, aliyeasi mwaka 939, akajiita Kaizari mpya na kuuawa mwaka 940, naye hutajwa na wengi wanaotafuta shujaa wa mwanzo. Mahali panaposemekana kuzikwa kichwa chake, Otemachi katikati ya Tokyo, pamelindwa hadi leo kwa hofu na heshima. Simpendekezi kwa anayeanza, kwani mambo yake hayaeleweki vizuri mpaka mtu awe amezoea siasa za majimbo ya mashariki.

Wa kuchaguliwa na nani

Mzazi au mwalimu anayetaka hadithi za jioni amchukue Yorimitsu, aanze na Kintaro kwa watoto wadogo, kisha buibui, na aiweke Oe hadi watoto wawe wakubwa kidogo, kwa sababu ya ile karamu ya nyama. Kila hadithi ina mwanzo na mwisho wake, na hakuna anayehitaji kukariri nasaba ili aifuate. Anayependa sanaa ya kuchora atapata kwake hazina kubwa pia, na upanga unaosemekana kumkata Shuten-doji, Dojigiri, umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo.

Anayetaka kuona jinsi mtu anavyogeuzwa hadithi amchukue Yoshitsune, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wajapani wana neno, hogan biiki, linalotokana na cheo chake cha hogan, kwa maana ya kumpendelea aliyeonewa na kushindwa. Upendeleo huo ulienda mbali mno. Walisema hakufa bali alivuka hadi kisiwa cha Ezo, ambacho leo ni Hokkaido, na mwaka 1879 Suematsu Kencho, akiwa London, aliandika kwamba Yoshitsune ndiye Genghis Khan mwenyewe, dai ambalo wanahistoria hawalikubali. Anayemchagua shujaa huyu lazima awe tayari kuyaweka kando mengi yatakayompendeza.

Na asianzie Kurama, ingawa vitabu vingi huanzia huko. Aanzie Koshigoe, kijiji cha pwani mlangoni mwa Kamakura, mwaka 1185. Yoshitsune anarudi kutoka Dan-no-ura akiwa na mateka wa Taira, na kaka yake anamkatalia asiingie mjini, kwani mwaka uliotangulia alipokea cheo kutoka Kyoto bila ruhusa yake, na hofu ya jemadari anayeshinda kila vita imekwisha kumwingia. Masimulizi yanasema kwamba upanga wa mkata buibui ulikuwa umemfikia yeye kwa wakati ule, akauita Usumidori, na akauweka wakfu katika hekalu la Hakone akiomba apatane na kaka yake. Kutoka Koshigoe aliandika barua iliyohifadhiwa katika Azuma Kagami, na ingawa wapo wanahistoria wanaotilia shaka baadhi ya maneno yake, inafaa isomwe taratibu. Anasema kwamba alibaki yatima, akabebwa kifuani mwa mama yake hadi Yamato, akaishi kwa kujificha majimboni na kutumika kwa watu wa mashambani. Tengu hayumo, wala mtawa mwenye panga 999.

Jibu alilolitamani halikuja. Alirudi Kyoto, akatumiwa muuaji, akakimbia, na hatimaye akafika tena Hiraizumi kwa Hidehira. Mzee yule alifariki mwaka 1187, na mwanawe Yasuhira, kwa kuogopa Kamakura, akamvamia Yoshitsune huko Koromogawa mwaka 1189. Yoshitsune alijiua. Kichwa chake kiliwekwa ndani ya pipa jeusi lililopakwa vanishi, kikatiwa pombe nzuri ya mchele ili kisiharibike, na baada ya siku 43 za njia katika joto la kiangazi kikafikishwa kwa wakaguzi, Wada Yoshimori na Kajiwara Kagetoki. Hakikuingizwa Kamakura. Kilikaguliwa Koshigoe, palepale alipozuiwa akiwa hai.

Msomaji akiisoma barua na kisha ukaguzi huo katika kikao kimoja, ataona mwenyewe kwa nini watu walikataa kwamba kichwa kilichokuwamo ndani ya pipa kilikuwa chake. Baada ya hapo ndipo arudi nyuma hadi Kurama, kwa tengu.